Makasi ya Dharura: Venye Utachagua Ile Itapasua Jeans ya Mse wa Nduthi Kabla Damu Iishe

Ukifungua boksi yako ya huduma ya kwanza saa hii utapata nini? Plasta, pamba, spirit, bandeji moja na Panadol. Hiyo boksi iko fiti kama mtoto amejikwaruza goti. Lakini mse wa nduthi akigongwa pale Outering saa kumi na mbili jioni, na jeans yake imeanza kulowa damu kutoka ndani, hakuna kitu kwa hiyo boksi itakuonyesha jeraha liko wapi. Na shimo hujaliona huwezi kuliziba.

Hapo ndio makasi ya dharura inaingia. Ni ile makasi umeona kwa mfuko wa paramediki: imepinda shingo, ncha yake ya chini ni butu kama ulimi, na vishikio ni vya plastiki, mara nyingi nyeusi, nyekundu ama buluu. Duka nyingi zinaiita "trauma shears" ama "EMT scissors", so ukiingia kwa duka ya vifaa vya hospitali uliza na hayo majina, usije ukapewa ya kukata kucha.

Hii si story ya wazungu wa kupanda milima pekee. Mwaka wa 2023, NTSA ilihesabu zaidi ya watu 4,000 waliokufa barabarani Kenya, na wengi wao walikuwa watembea kwa miguu na watu wa pikipiki. Mshipa mkubwa wa paja ukipasuka, mtu anaweza kuisha kwa dakika chache tu. Ambulensi bado iko kwa jam. Mwenye ako karibu ni wewe.

Kwani makasi ya jikoni ina shida gani?

Shida ya kwanza ni ncha. Makasi ya jikoni na ya fundi wa nguo zimechongoka. Ukipitisha ncha kali chini ya nguo ya mtu anapiga kelele na kurukaruka, utamwongezea jeraha lingine. Kisu na wembe ndio mbaya zaidi, hata usifikirie. Makasi ya dharura imetengenezwa ili ule upande wa chini uteleze juu ya ngozi bila kuchoma.

Shida ya pili ni ile pembe. Makasi iliyonyooka inataka mkono wako uingie chini, karibu na ngozi. Hii imepinda, so mkono unabaki juu hewani na blade inalala sambamba na mwili. Hii idea si ya jana. Kuna makasi ya bandeji inaitwa kwa jina la Joseph Lister, daktari wa upasuaji Mwingereza wa karne ya 19, na shepu yake ndio imebaki mpaka leo.

Shida ya tatu ni nguvu. Jeans, jaketi ya ngozi, mkanda wa gari, gumboot: hizo vitu zitafungua makasi ya shule katikati kama biskuti.

Na usisahau venye wasee wetu wa boda huvaa. Asubuhi ya Julai, mtu ako na fulana, sweta, jaketi nzito imevaliwa nyuma mbele ndio upepo usiingie kifuani, halafu reflekta juu ya hizo zote. Zipu iko mgongoni. Akilala chali huwezi kuifungua, na mtu ameanguka kutoka kwa nduthi haufai kumgeuzageuza juu shingo inaweza kuwa imeumia. Njia ni moja tu, kukata.

Vitu sita za kucheki kabla utoe doo

1. Urefu. Saizi ya kawaida ni karibu sentimita 19. Kuna ndogo za karibu sentimita 14 ambazo zinaingia kwa mfuko wa shati poa. Ndogo inatosha kukata bandeji, plasta ya kunata na tishati. Ikifika kwa jeans na jaketi, utahema. Kama ni moja tu utanunua, chukua ya sentimita 19. Kama boksi yako ni ya kupeleka timu ya mtaa uwanjani, mahali kazi ni kukata tepu ya kifundo cha mguu, ndogo itakusaidia bila kujaza mfuko.

2. Ncha ya chini. Pitisha ule upande wa chini polepole ndani ya mkono wako, ukiwa umelala. Ukiskia umekwaruzwa, rudisha. Ile ncha inafaa kuwa pana, laini, na bila ukingo wa plastiki ama chuma uliobaki kiwandani.

3. Meno. Blade moja inafaa kuwa na meno madogo madogo. Kazi yake ni kushika nguo isiteleze. Bila meno, nailoni na kitambaa kimelowa damu vitateleza mbele ya makasi, ubaki unafunga na kufungua na hakuna kitu imekatika.

4. Msumari wa katikati. Shika vishikio, jaribu kusukuma blade kushoto na kulia. Zikicheza, hiyo makasi itakunja nguo katikati ya blade badala ya kuikata. Zingine zimefungwa na riveti, hizo zikilegea ndio basi. Zenye skrubu unaweza kukaza na bisibisi. Ukipata ya skrubu kwa bei ile ile, chukua hiyo.

5. Vishikio. Vaa glavu kabla ya kujaribu, ama uambie muuzaji akupe moja. Mkono mkubwa ndani ya glavu unataka nafasi. Shimo la chini linafaa kuingiza vidole vitatu ama vinne, juu nguvu ya kukata jeans inatoka kwa kiganja chote. Na kama wewe ni mtu wa kushoto, jua makasi nyingi zimepangwa kwa mkono wa kulia. Ukiitumia na kushoto, kidole gumba kinasukuma blade ziachane. Ijaribu papo hapo dukani. Ikikusumbua, jizoeshe kukata na kulia.

6. Chuma. Tafuta imeandikwa chuma isiyoshika kutu. Zile zenye blade nyeusi zimepakwa kitu cha kuzuia gundi kushika. Hiyo iko na maana, juu ukishakata plasta mara tano, gundi hufanya blade zishikane kama chapati haikuwekwa mafuta. Zile za rangi ya upinde wa mvua ni urembo tu. Ukizipenda nunua, lakini usilipie zaidi ukidhani zinakata zaidi.

Usidanganywe na video ya kukata sarafu

Umeona hiyo video. Mse anachukua senti ya Marekani, anaikata mara mbili kama karatasi, halafu anakuambia hii makasi ni moto. Kitu hakuambii ni kwamba tangu mwaka wa 1982, hiyo senti ni zinki imepakwa shaba juu, na zinki ni laini. Pia, kukata sarafu kunapiga blade pengo. Hapo unanunua makasi imeshachapwa tayari. Usijaribu na shilingi yako.

Jaribio la ukweli ni nguo. Nenda Gikomba ama mahali mitumba inauzwa mtaani kwenu, utafute jeans imechoka, ile hata muuzaji anakuachilia kwa bei ya kutupa. Kisha fanya hivi:

- Kata upande mmoja wa mguu kutoka chini mpaka gotini. Inafaa kwenda bila kusimama sana.
- Kata pale mshono unapokutana na pindo la chini. Hapo kitambaa kimekunjwa mara kadhaa. Makasi mbovu hufungukia hapo.
- Lowesha jeans na maji, rudia. Nguo ya mtu anatoka damu haiwi kavu.
- Maliza na kipande kimoja cha gozi ukitumia ncha pekee. Ikikata safi mpaka mwisho, blade zinakutana vizuri. Ikikunja gozi, blade zimeachana.

Ukimaliza hizo nne na bado makasi iko sawa, umepata. Na kuna faida nyingine: mikono yako imeshajua kazi. Siku ya siku, hautakuwa unakata jeans mara ya kwanza mbele ya umati.

Bei: ya mia chache ama ya maelfu?

Hapa wasee wengi hukosea. Wanaangalia ile makasi ya kukunja ya Leatherman inaitwa Raptor, iko na makasi, kikata mkanda, kikata pete, kitu cha kuvunja kioo cha gari na funguo ya mtungi wa oksijeni. Ni kifaa safi. Lakini bei yake inaweza kukununulia makasi za kawaida za kujaza sanduku. Kama wewe si mtu wa ambulensi, mtungi wa oksijeni utafungulia wapi?

Wahenga walisema rahisi ghali, na kwa vitu mob ni ukweli. Kwa makasi hii, ya bei ya chini imepita ule mtihani wa jeans inatosha boksi ya mtu binafsi. Kosa ni kununua bila kujaribu. Badala ya moja ya maelfu, chukua mbili za kawaida: moja ya boksi, moja ya kufanyia mazoezi na kukata plasta za kila siku. Ile ya boksi usiiguse. Ukishaanza kukatia karatasi ya zawadi ama pakiti ya unga, imeanza kufa.

Baki ya doo inunue vitu zinatumika baada ya nguo kufunguka: glavu, gozi mob, bandeji pana za kufinya jeraha, na turniketi ya ukweli kama unaweza. Makasi peke yake haijawahi kuzuia damu.

Venye unakata

Kwanza, angalia kama wewe uko salama. Magari yamesimama? Petroli inamwagika? Piga 999 ama 112, ama 1199 ya Kenya Red Cross. Kama kuna mtu karibu, mwambie yeye apige, na umwonyeshe na kidole: "Wewe wa jaketi nyekundu, piga." Ukisema tu "mtu apige", kila mtu atadhani mwingine amepiga.

Damu ikiwa inaruka na unaona inatoka wapi, finya kwanza, juu ya nguo hivyo hivyo. Usimwache mtu akitokwa ukitafuta makasi. Mwenzako akate wewe ukiwa umefinya.

Kama huoni, anza kukata:

Suruali. Anzia chini kwa pindo, panda juu kwa upande wa nje wa mguu. Usikate juu ya mshono, pita kando yake, juu hapo ndio nguo ni nene. Ingiza kitambaa mpaka ndani kabisa karibu na msumari wa makasi, hapo ndio nguvu iko. Ukifika kiunoni, fungua mkanda na kifungo ukiweza. Usipigane na ngozi ya mkanda wakati baklo iko hapo.

Shati na jaketi. Katikati, kutoka chini kwenda shingoni, ukielekeza blade kando ya uso. Kisha mikono, kutoka kwa kiwiko cha mkono mpaka bega. Ukimaliza, nguo inafunguka kama kitabu na hujamsogeza. Jaketi za kuvimba zenye manyoya ama pamba ndani, kata polepole na ukunje kingo nje. La sivyo utamwagia yale manyoya kwa kidonda.

Viatu. Mguu ukivunjika huvimba. Gumboot ama buti ikikataa kutoka, usivute. Kata kutoka juu kwenda chini upande wa nyuma ama kando. Kamba za viatu zikatwe zote mara moja.

Mkanda wa gari. Kata kwa mshazari, na mtu awe anamshika kabla ya kukata. Gari ikiwa imelala juu chini, huo mkanda ndio unamzuia asianguke na kichwa.

Helmeti. Hii watu hupenda kuitoa haraka, na hapo ndio shingo huumizwa. Kama anapumua sawa, iache. Fungua kioo cha mbele umwone. Kama hapumui, itolewe na watu wawili: mmoja ashike kichwa na shingo zisisonge, mwingine aivute polepole. Kamba ya kidevu ndio unaweza kukata.

Mahali makasi haifai kuguswa

Nguo imeshikana na ngozi baada ya moto, usiivute na usiikate ikiwa imeshika. Zungusha makasi kando yake, acha kile kipande. Leso ama dera ya nailoni huyeyuka na kuganda. Kazi yako ya kwanza kwa moto ni maji ya kawaida ya mfereji, dakika 20, si blue band na si dawa ya meno. Pete na bangili zitoe mapema kabla ya kuvimba.

Kitu kimedungwa mwilini, kiwe chuma, kioo ama kisu, kiache hapo. Kata nguo kuzunguka, kisha ukizuie kisitikisike.

Mtu amepigwa risasi ama kisu, usipitishe makasi kwa lile tundu la nguo. Kata pembeni. Hiyo nguo ni ushahidi, na siku moja mahakamani inaweza kusema kitu mwenyewe hawezi kusema. Weka kwa bahasha ya karatasi, si kwa plastiki, juu plastiki huozesha.

Mama akijifungulia kwa mat ama kwa teksi, usikate kitovu na makasi ya boksi. Si safi ya kiwango hicho, na pepopunda ya mtoto mchanga si mchezo. Mweke mtoto kifuani kwa mama, wafunike wote wawili, mwende hospitali kitovu kikiwa bado kimeshikana.

Heshima, jo

Ukikata nguo za mtu barabarani umemvua mbele ya watu, na siku hizi kila mtu ako na simu juu. Kata kile unahitaji tu kuona. Ukishaona, funika na leso, shuka ama sweta yako. Waambie wasee wageuke, washike leso wafanye ukuta. Hii pia ni dawa. Mtu amepoteza damu hupata baridi haraka, na mwili ukipoa damu inakataa kuganda.

Mweleze unachofanya, hata kama unadhani hakusikii: "Naitwa fulani, nakata suruali nione damu inatoka wapi." Angalia mifuko kabla ya kurusha nguo kando. Simu, kitambulisho na doo za siku nzima ziko humo. Mpe mtu mmoja mbele ya mashahidi, ama ziingie ambulensi pamoja naye.

Na kama mtu hospitalini atawaambia lipeni kwanza ndio aguswe, jua Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu anafaa kunyimwa matibabu ya dharura. Taja hiyo kifungu kwa sauti ya upole.

Kuisafisha na kuiweka

Damu ya mtu ni damu ya mtu, hata kama ni beshte yako. Ukiwa na glavu, osha na sabuni na maji, sugua meno na brashi ya meno kuukuu. Kisha changanya Jik kipimo kimoja na maji vipimo sita, loweka dakika kumi. Usipitishe, juu Jik hula chuma. Suuza na maji mob, kausha kabisa, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwa msumari, ufungue na kufunga mara kadhaa. Gundi ya plasta hutoka na spirit.

Usiizike chini ya boksi. Iweke juu kabisa ama nje, ishikwe na mfuko wake, mahali mkono wako utaipata gizani. Kwa dinga, usiweke kwa buti. Ukigongwa nyuma buti haifunguki. Weka mahali dereva na abiria wote wanafikia. Watu wa nduthi, chini ya kiti ama kwa mfuko wa jaketi, ikiwa ndani ya kifuko kigumu. Ukisafiri na ndege, itie kwa begi ya kuingia chini, si ile unabeba mkononi.

Mara moja kila miezi mitatu, itoe, ifungue, ikatie kitambaa. Ikiwa na kutu ama imelegea, ishushe cheo iwe ya kukata plasta, ununue nyingine.

Na makasi bila mafunzo ni nusu ya kazi. Kenya Red Cross na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza. Kama uko na chama, timu ya mtaa ama stage ya boda, changeni mfundishwe mkiwa kikundi. Stage moja ya nduthi ikiwa na watu watatu wanajua kufinya jeraha na makasi mbili zimejaribiwa, hiyo stage imeshinda boksi kumi zimejaa Panadol.

Weekend hii, toa boksi yako umwage kila kitu juu ya meza. Ukikosa makasi, unajua kenye unatafuta.